KABURI LA WAZAZI NYUMBANI: FARAJA NA MAFUNZO YAKE



Wahariri wa gazeti letu wameniomba niandike somo la muhula huu juu ya desturi za nyumbani. Nimechagua jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitaja, nalo ni makaburi ya jamaa. Sikulichagua kwa kupenda huzuni. Nimefundisha kwa miaka 17, na katika kila darasa hapakosi wanafunzi wawili watatu waliofiwa na baba au mama, na wengine wamefiwa na wote wawili. Mwanafunzi wa namna hiyo hurudi shuleni baada ya maziko, hukaa mahali pake, hufungua daftari lake, na wenzake hawajui wamwambie nini. Sisi waalimu nasi aghalabu hatujui. Basi yatupasa kulisoma jambo hili kwa utaratibu, kama tunavyosoma mambo mengine, ili tupate la kusema na la kufanya.

Mimi mwenyewe nimefiwa na wazazi wote wawili. Baba alifariki mwaka 2014, na mama mwaka 2019. Wote wamelala katika kihamba chetu, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Nitayataja yangu kwa mfano tu, maana kila mtu ana wafu wake.

KIHAMBA NI NINI?

Wachagga huita kihamba lile shamba la nyumbani ambalo mtu amejenga nyumba yake katikati ya migomba. Mna migomba na mibuni, mna magimbi, viazi vikuu na maharage, na juu yake miti mirefu ya kivuli kama mringaringa. Ng'ombe na mbuzi hukaa zizini wakakatiwa majani, na samadi yao hurudishwa kwenye migomba. Maji huteremshwa kwa mifereji iliyochimbwa na wazee kutoka mitoni huko juu. Kilimo hiki kimesifiwa hata nje ya nchi: mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitia kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia.

Lakini wenyewe hawakipimi kihamba kwa mikungu ya ndizi tu. Mtu aweza kuwa na shamba jingine la mahindi huko chini tambarare, naye akaliita shamba, basi. Kihamba ni mahali walipoishi waliomzaa, na aghalabu ndipo walipolala. Kwa desturi ya zamani kilirithiwa na watoto wa kiume. Kifungua mimba alipewa sehemu yake mapema, na kitinda mimba alibaki na nyumba ya wazazi awatunze uzeeni.

DESTURI YA KALE NA MABADILIKO YAKE

Wazee wasimulia, na wataalamu walioandika habari za Wachagga mwanzoni mwa karne ya 20 wamethibitisha, kwamba zamani mtu mzima mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, chini ya sakafu ya udongo. Baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa, ikawekwa mahali palipotengwa katika migomba, na kando yake pakapandwa masale.

Wanafunzi waliotoka mikoa mingine huenda hawaujui mmea huu. Isale lina majani marefu ya kijani, halifi upesi, na ukilikata huchipua. Hupandwa penye mpaka wa kihamba ili watu wasigombane. Hupandwa makaburini. Tena mtu aliyekosa huchukua jani lake akalipiga fundo, akalipeleka kwa yule aliyemkosea. Na aliyeletewa jani hilo huona vigumu sana kukataa kusamehe. Basi mmea mmoja hulinda mpaka, hupatanisha watu na hukaa na wafu.

Dini ya Kikristo ilipoenea mlimani tangu mwisho wa karne ya 19, kuzika ndani ya nyumba kuliachwa, na kufukua mifupa kukaachwa pia. Leo wako wanaozikwa katika makaburi ya kanisa, na Waislamu huzikwa kwa taratibu za dini yao. Hata hivyo watu wengi bado huzikwa kihambani, na masale bado hupandwa. Desturi ilibadilika namna yake, lakini neno lake ni lile lile: waliotutangulia wasitupwe mbali na watoto wao.

JIRANI ZETU

Tusidhani kwamba ni Wachagga peke yao wenye fikira hii. Wataita wa Kenya, ambao milima yao si mbali na Kilimanjaro, walikuwa na desturi ya kufukua fuvu la mzee baada ya muda wa kuzikwa, na kuliweka pamoja na mafuvu ya wazee wenzake katika pango la ukoo. Baadhi ya mapango hayo yako mpaka leo, na mafuvu yamepangwa kwa safu.

Huko Pwani maiti huzikwa katika makaburi ya mji, wala haifukuliwi. Lakini nenda Kaole karibu na Bagamoyo, au Kunduchi kaskazini ya Dar es Salaam, utaona makaburi ya mawe ya matumbawe yenye nguzo, yaliyojengwa na watu waliotaka wazee wao wakumbukwe. Huko Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lenye tarehe iliyochongwa: mwaka wa Hijra 802, yaani 1399. Mtu mmoja alichukua taabu ya kuchonga tarehe hiyo, na baada ya miaka zaidi ya 600 twaisoma.

Tutazame pia mfano wa Mwalimu Julius Nyerere. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, naye angeweza kuzikwa kwa heshima katika mji wo wote wa nchi hii. Alizikwa tarehe 23 Oktoba nyumbani Butiama, katika makazi ya jamaa yake huko Mwitongo, mahali walipozikwa wazazi wake. Mtu aliyeongoza taifa zima alirudi kulala kama mwana wa nyumba.

FARAJA YATOKA WAPI?

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Watu husema kwamba kaburi la nyumbani hufariji. Je, faraja hiyo hutokana na nini? Haiwezi kuwa saruji wala marumaru, maana nimeona makaburi ya gharama kubwa yaliyoota magugu, na watoto wa marehemu hawana raha. Baada ya kufikiri kwa muda nimeona mambo matatu.

Jambo la kwanza, kaburi huipa huzuni mahali. Baba alipofariki, huzuni ilinijia po pote bila hodi. Ilinijia ndani ya basi. Ilinijia mbele ya ubao nikiandika tarehe. Siku moja nilikuwa dukani nikasikia mzee akikohoa kama baba alivyokuwa akikohoa, nikatoka bila kununua kitu. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani, na kila asubuhi nilikaa kidogo juu ya kigogo karibu na kaburi lake, kabla watu hawajaamka. Huko nililia nilivyotaka, na siku nyingine sikulia, nilisikiliza tu maji ya mfereji. Sisemi kwamba huzuni iliondoka. Nasema kwamba ilianza kujua kwake. Nilipokuwa darasani niliweza kuiambia moyoni, ngoja tufike nyumbani. Na mara nyingi ilingoja.

Jambo la pili, kaburi huipa mikono kazi. Hili nilifundishwa na mama. Katika ile miaka 5 aliyoishi baada ya baba, alikuwa na kawaida ya kulitunza kaburi kila Jumamosi. Alifagia majani makavu ya migomba, aling'oa magugu kwa mkono, alipunguza masale kwa mundu yasije yakafunika jina. Alipokuwa akifanya kazi hiyo alimpa baba habari za nyumbani kwa sauti ya kawaida kabisa: bei ya kahawa, ndama aliyezaliwa, mjukuu aliyefaulu, jirani aliyesogeza mpaka. Siku moja nilimsikia akimlaumu kwa kuacha bomba la maji bila kulitengeneza. Sikupata kumwona akilia pale. Nilipomwuliza kama kazi ile haimchoshi, alisema, "Mwanangu, nilimpikia miaka 41. Sasa hali tena. Nifanye nini na mikono hii?"

Wasomaji, maneno haya mazito. Mtu akifiwa hubaki na mapenzi ambayo hayana tena kazi ya kufanya. Chai ambayo ungempelekea mzazi wako hunywewa na nani? Kaburi lililo karibu hujibu kidogo swali hilo. Kuna jani la kuokota, kuna ufa wa kuziba, kuna ua la kumwagilia wakati wa kiangazi. Ni kazi ndogo, lakini ni kazi ya kweli, na mtu aliyeimaliza hurudi ndani akiwa mwepesi kuliko alivyotoka. Mama alipofariki, sisi watoto tulikuta kwamba kazi tunaijua. Hakuna aliyetuamuru. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, kila mmoja alishika chombo chake.

Jambo la tatu, kaburi humwonyesha mtu nafasi yake katika ukoo. Katika kihamba chetu makaburi yamekaa kwa mstari kufuata mfereji: babu, bibi, baba mdogo, halafu baba na mama. Mama alijichagulia mahali mwenyewe, alitunyoshea mundu kati ya kaburi la baba na mringaringa, akasema, "Hapa, lakini msikate mti." Mwisho wa mstari palikuwa na masale manne yaliyozunguka kijiti cha ardhi kisicho na jiwe. Nilikuwa mtu mzima nilipouliza kwa nini hatulimi pale. Mama aliniambia kwamba pale amelala kaka yangu aliyezaliwa kabla yangu, akaishi miezi 7. Akanitajia jina lake. Nilikuwa nimejihesabu kifungua mimba maisha yangu yote, kumbe nilikuwa wa pili. Na mama, ambaye nilidhani namjua, alikuwa amepitia huzuni kubwa kuliko yangu, kisha akainuka, akanizaa mimi, akanilea na kucheka nami. Nilipofiwa naye nilikumbuka hilo. Nilijua kwamba katika nyumba yetu watu wamewahi kuumia hivi na wakaendelea kuishi.

WATAALAMU WASEMAJE?

Somo si kamili pasipo kusikiliza waliolichunguza jambo hili. Mwaka 1917 daktari Sigmund Freud wa Austria alitoa makala mashuhuri juu ya maombolezo. Alieleza kwamba kazi ya maombolezo ni kuuondoa moyo polepole kwa yule aliyekufa, mpaka mtu awe huru kupenda tena. Watu wengi walifuata fikira hiyo kwa muda mrefu, wakaona kwamba anayezungumza na marehemu wake ni mtu ambaye hajapona. Lakini Freud mwenyewe alifiwa na binti yake Sophie mwaka 1920, na miaka 9 baadaye alimwandikia rafiki yake aliyefiwa na mwana kwamba pengo la namna hiyo halizibiki kabisa.

Mwaka 1996 wataalamu watatu wa Marekani, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, walitoa kitabu kilichoeleza jambo jingine. Walionyesha kwamba waliofiwa wengi, watoto na watu wazima, hawaukati uhusiano na marehemu. Huugeuza. Huendelea kumkumbuka, kumtaja, kufikiri angesema nini, na pamoja na hayo hula, hufanya kazi, huoa na kuolewa. Nilipopata habari za kitabu hicho nilimfikiri mama na mundu wake. Alikuwa akiyatenda hayo bila kuyasoma.

JE, HUKU SI KUABUDU WAFU?

Wanafunzi wengine wameniuliza swali hili, nalo ni swali la haki. Kumtunza mtu na kumwabudu ni mambo mawili. Mtoto anayefagia mbele ya nyumba ya babu yake hamwabudu babu. Wakatoliki wana siku yao ya kuwaombea marehemu wote, tarehe 2 Novemba, na wengi huenda makaburini siku hiyo. Waislamu wanayo ziara ya makaburi, na wanavyuoni wao hufundisha kwamba humkumbusha mtu akhera. Kila mwenye dini na aulize viongozi wake mipaka ni ipi, wala asivuke. Lakini kufagia, kupanda ua, kusoma jina na kushukuru, sijui dini inayoyakataza.

SHIDA ZA SIKU HIZI

Itakuwa vibaya kama nikieleza mema tu. Kaburi la nyumbani lina shida zake, na familia nyingi zimeharibikiwa kwa sababu yake.

Shida ya kwanza ni mahali pa kuzikwa. Mtu anayeishi mjini aweza kuwa na nyumba mbili, na kila upande ukamdai. Wakili S. M. Otieno wa Kenya alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike katika shamba lao karibu na Nairobi; ukoo wa marehemu ulitaka azikwe Nyalgunga, katika Siaya, nchi ya baba zake. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, naye akazikwa tarehe 23 Mei 1987. Maiti ilingoja siku 154. Simtaji kwa kumhukumu mtu ye yote. Namtaja ili wazazi wanaosoma gazeti hili waone faida ya kusema mapema, mbele ya watoto wote, wapi wanataka kulala. Mama yangu alitumia maneno manne na ncha ya mundu, akatuepusha na ugomvi.

Shida ya pili ni ardhi. Vihamba vimegawanywa vizazi kwa vizazi hata vimekuwa vidogo, na vijana wengi wameondoka kutafuta kazi mijini. Baada ya mama kufariki tulikuwa watoto wanne, na mtu mmoja alitaka kununua sehemu ya chini inayopakana na barabara. Fedha zilikuwa nzuri, na kila mmoja wetu alikuwa na shida yake. Tulizungumza siku mbili. Mdogo wetu wa mwisho, mwenye nyumba kwa desturi, alisema kwamba makaburi yako sehemu ya juu, hivyo hayahusiki. Ndipo dada yetu akasema. Yeye ameolewa tarafa nyingine, na kwa desturi yetu mwanamke huzikwa kwa mumewe. Alituambia, "Kaka zangu, ninyi mtazikwa hapa. Mimi sitazikwa hapa. Nisipokuwa na njia ya kuja nikiwa hai, nitakuja lini?"

Hakuna aliyemjibu mara moja. Njia ya kufika makaburini ilipita katika ile sehemu ya chini. Sisi wanaume tulikuwa tumehesabu ardhi, bei na migomba. Njia hatukuwa tumeitia katika hesabu, maana sisi daima tungeingia kwa mlango wa mbele. Mwishowe tulikubaliana hivi: sehemu ya chini isiuzwe yote, ibaki njia ya hatua tatu kwa upana, makaburi yawe ya watoto wote, wa kiume na wa kike, na mdogo wetu atunze, asiuze mahali hapo. Tuliyaandika katika muhtasari wa kikao cha ukoo, tukatia sahihi wote wanne, baba mkubwa akawa shahidi, nakala ikapelekwa ofisi ya kijiji. Fedha tulizopata zilipungua. Lakini dada huja kila Desemba, hupita katika njia yake, na hakuna anayeweza kumwuliza anakwenda wapi.

Shida ya tatu hutoka nje ya familia: barabara, mgodi, bwawa au mji unaokua. Ni vema mwanafunzi ajue kwamba Tanzania inayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Serikali ikihitaji ardhi yenye makaburi kwa manufaa ya umma, jamaa hupewa taarifa, na gharama za kuhamisha na kuzika upya hulipwa. Tena sheria hiyo yataja pia gharama za matambiko au ibada za kutuliza zinazoambatana na kuhamisha. Yaani hata sheria yakubali kwamba kaburi si shimo lenye mifupa tu. Wanaolipokea jambo hilo wanahitaji neno la kuagana.

WASIO NA KABURI LA NYUMBANI

Najua kwamba wengi katika shule yetu hawana kihamba. Wengine wazazi wao wamezikwa katika makaburi ya mji, mahali palipojaa. Wengine hawajui kaburi liko wapi. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa, na wengi hawakupatikana au hawakutambulikana. Makaburi ya wale waliozikwa pamoja yako Igoma, Mwanza, na watu wamekuwa wakikusanyika huko kufanya kumbukumbu. Mtu aliyefiwa katika ajali hiyo hajui hasa ni kaburi lipi la wake, naye husimama mbele ya yote.

Basi, kama faraja ingetoka katika udongo wa nyumbani peke yake, watu hawa wasingekuwa na faraja kamwe. Lakini tumeona kwamba yatoka katika mambo matatu: mahali, kazi na nafasi katika ukoo. Asiye na kaburi aweza kuyatafuta hayo kwa njia nyingine. Apande mti mmoja, na mti huo uwe wa mama. Achague siku moja kwa mwezi ya kufanya kazi ambayo baba aliipenda. Aandike majina ya ukoo wake katika daftari safi, aende kwa shangazi, mjomba au jirani mzee kuuliza yale asiyoyajua. Si sawasawa na kaburi, sitadanganya. Lakini mikono itapata kazi, na huzuni itapata kwao.

MASHAURI MACHACHE

Kwa wanafunzi wenye mwenzao aliyefiwa: msimwambie asilie, wala msimkimbie. Mwambieni pole, mlitaje jina la marehemu kama mnalijua, kisha mfanyieni jambo moja la kazi, kama kumnakilia masomo aliyoyakosa. Baada ya mwezi mmoja mwulizeni tena habari zake, maana hapo ndipo wengi humsahau.

Kwa wazazi: msiwafiche watoto maziko. Wapeni udongo watie kaburini, wapeni kazi ndogo. Andikeni majina kamili na miaka juu ya kaburi, hata kwa msumari juu ya saruji mbichi, kama mtu yule wa Gedi. Wala msikope fedha za marumaru wakati ada na madaftari ya yatima hayajanunuliwa.

Kwa waalimu wenzangu: mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda nyumbani siku ya kumbukumbu ya mzazi wake, tumsikilize. Siku hiyo moja aweza kuirudisha kwa kusoma vizuri muhula mzima.

MASWALI YA KUJIBU NA KUZUNGUMZA

1. Taja kazi tatu za mmea wa isale. Je, katika kabila lenu uko mmea wenye kazi kama hizo?

2. Eleza tofauti ya fikira za Freud za mwaka 1917 na za wataalamu wa mwaka 1996. Wewe wakubaliana na nani, na kwa sababu gani?

3. Dada katika somo hili alidai njia, hakudai ardhi. Je, alikuwa na haki? Zungumzeni darasani, na wasichana waanze kusema.

4. Andika majina ya babu na bibi zako wanne na mahali walipozikwa. Usiyoyajua, uliza likizo hii, wakati wenye kuyajua wangali hai.